Nani Atamzika Rubani? Msomaji Kijana wa Msambweni na Riwaya ya Kunusurika Nyikani

1.0 Utangulizi

Makala haya yanachunguza namna msomaji kijana mmoja wa Msambweni, katika pwani ya kusini ya Kenya, alivyoipokea riwaya ya Hatchet ya mwandishi Mmarekani Gary Paulsen, iliyochapishwa mwaka 1987. Riwaya hiyo ni miongoni mwa kazi mashuhuri za fasihi ya vijana zinazosimulia jinsi mtu anavyonusurika peke yake nyikani. Msomaji wetu alikuwa na umri wa miaka 14. Aliisoma kwa Kiingereza, kisha tukaijadili kwa Kiswahili, jioni tatu, barazani kwao.

Shuleni alikuwa ameandika insha kuhusu riwaya hiyo. Insha ilirudi na maneno matatu ya wino mwekundu: "Nje ya mada." Kosa lake lilikuwa kuandika kurasa mbili juu ya rubani, ilhali swali lilitaka ushujaa wa mhusika mkuu. Nakiri kwamba nilipoisoma insha ile mara ya kwanza, mimi nami ningaliipa hukumu iyo hiyo. Makala haya ni matokeo ya kuibadili rai yangu.

Hoja yetu ni hii: riwaya ya kunusurika humzoeza msomaji kumfuata aliyesalimika. Kijana huyu alimfuata asiyesalimika. Kwa kufanya hivyo hakuipotosha matini, bali aligusa mahali ambapo matini yenyewe inasita na kukosa maneno. Msomaji mmoja si jamii nzima, na hatudai kwamba vijana wote wa Kwale wangesoma vivyo hivyo. Tunadai tu kwamba usomaji wake unastahili kuitwa uhakiki.

2.0 Riwaya na Ukoo Wake

Brian Robeson, mvulana wa miaka 13, anasafiri kwa ndege ndogo kumfuata baba yake kaskazini mwa Kanada. Wazazi wake wametalikiana, naye amebeba siri ya mama yake ambayo hajamwambia mtu. Rubani anashikwa na maradhi ya moyo na kufa angani. Ndege inaanguka ziwani, na Brian anatoka na kishoka alichopewa na mama yake, kikiwa kiunoni. Kwa siku 54 anajifunza kuwasha moto kwa cheche za kishoka na jiwe, kula mayai ya kobe wa majini, kuvua samaki na kuwinda ndege, mpaka anapookolewa.

Kwa upande wa fani, jambo la kuzingatia ni kwamba msimulizi, ingawa anatumia nafsi ya tatu, hatoki nje ya fahamu za Brian. Tunayaona anayoyaona yeye, na njaa yake ndiyo njaa yetu. Watu wengine wote hutujia kwa kumbukumbu au kwa ndoto. Rubani hata jina lake halina hakika: Brian anadhani ni Jim, au Jake, au mfano wa hayo.

Ukoo wa hadithi hizi ni mrefu. Wahakiki wengi huuanzia kwa Robinson Crusoe ya Daniel Defoe (1719). Lakini karne kadhaa kabla ya Defoe, katika karne ya 12, Ibn Tufayl wa Andalusia aliandika kisa cha Hayy ibn Yaqdhan, mtoto aliyelelewa na paa katika kisiwa kisicho na watu. Tutamrejea Hayy hapa chini, kwa kuwa yeye ndiye anayetusaidia kumwelewa msomaji wetu kuliko Crusoe.

3.0 Nyika ya Nani?

Pingamizi ya kwanza ya kijana ilihusu mahali. Aliuliza kwa nini Brian anaingia katika msitu ule kana kwamba hauna mwenyewe. Swali hili lina mizizi katika mazingira yake. Neno "nyika" si jepesi kwa msomaji wa Kwale. Wamijikenda, ambao Wadigo ni miongoni mwao, waliitwa Wanyika na watu wa miji ya pwani, na wageni kama Krapf, aliyefika Mombasa mwaka 1844, wakalichukua jina hilo. Lilibeba dharau, na katika miaka ya 1940 nafasi yake ikachukuliwa na jina la Mijikenda. Kwa msomaji kama huyu, basi, nyika si mahali pasipo watu. Ni jina walilobandikwa babu zake.

Aidha, msitu anaoujua yeye una adabu zake. Kaya Kinondo, kaskazini mwa Msambweni, ni mojawapo ya misitu mitakatifu ya Wamijikenda iliyotiwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2008. Anayeingia humo hujifunga nguo nyeusi, hufuata maelekezo ya wazee, na hatoki na kitu. Misitu ya kaskazini mwa Kanada nayo ina wenyewe tangu kale, kama vile Wakree, lakini riwaya inawataja kwa kupita tu.

Hata hivyo, tusiionee kazi ya Paulsen. Karibu na mwisho Brian anapata bunduki katika mzigo wa dharura wa ndege, na badala ya kufurahi tu, anahisi kwamba chombo kile kinamtenga na vitu vilivyomzunguka. Kijana aliitaja sehemu hiyo mwenyewe, akasema kwamba hapo ndipo Brian alipoanza kuwa na adabu. Pingamizi hii ya kwanza, kwa hiyo, riwaya inaijibu nusu. Ya pili ni nzito zaidi.

4.0 Maiti Ziwani

"Mwalimu, yule rubani mbona hakuzikwa?" Hilo ndilo swali lililojaza zile kurasa mbili. Nilimjibu kama ambavyo mwalimu yeyote angejibu: maiti ilikuwa ndani ya ndege, ndege chini ya maji, na Brian ni mtoto asiye na msaada. Akanijibu, "Sikusema amtoe. Hata Kabili, aliyeua, aliletewa kunguru amfundishe kuzika. Huyu hakuua, mbona hakufundishwa?"

Mtoto aliyepita chuoni anakijua kisa cha wana wa Adamu kama kilivyo katika Kurani: muuaji hajui la kuufanya mwili wa nduguye, mpaka kunguru anapofukua ardhi mbele yake. Ibn Tufayl alikichukua kisa hicho na kukipandikiza katika kisiwa chake. Paa aliyemlea Hayy anapokufa, mtoto anashindwa kujua la kufanya, mpaka anapowaona kunguru wawili wakipigana na aliyeua akimfukia mwenziwe. Hapo naye anamzika mama yake mlezi. Yaani katika mojawapo ya hadithi kongwe za mtu aliye peke yake, kuzika ni sehemu ya elimu ya kunusurika, sawa na kuujua moto. Swali lililoitwa "nje ya mada" limo ndani ya utanzu huu tangu zamani.

Je, limo ndani ya Hatchet? Tunaona kwamba limo. Baada ya kimbunga, mkia wa ndege unajitokeza juu ya maji, na Brian anamkumbuka rubani. Anahisi kwamba yampasa kusema jambo, lakini hayajui maneno yanayofaa. Anaishia kumtakia pumziko kwa sentensi fupi. Baadaye anapopiga mbizi ndani ya ndege, anakiona kichwa cha rubani kilicholiwa na samaki, samaki wale wale ambao yeye amekuwa akiwala. Anajawa na hofu na kichefuchefu, kisha simulizi inasonga mbele.

Wasomaji wengi husonga nayo. Kijana wetu alisimama, na sababu yake haikuwa ya kinadharia. Mjomba wake alikwenda kuvua msimu wa kusi asirudi. Mtumbwi ulipatikana, mwenyewe hakupatikana. Katika mila ya Wadigo, ambao zamani walirithishana kwa upande wa mama, mjomba si jamaa wa mbali. Baada ya muda aliswaliwa sala ya ghaibu, ambayo madhehebu ya Shafii yanairuhusu kwa maiti asiyekuwapo, lakini dada yake, mama wa kijana huyu, mpaka tulipozungumza hakuwa akimtaja kwa neno "marehemu". Katika sheria ya Kiislamu kumzika maiti ni faradhi ya kutosheleza: mmoja akiitimiza, wengine wamesalimika, isipotimizwa, lawama ni ya wote waliojua. Pale ziwani aliyejua ni mmoja tu.

"Na wa kwao rubani," aliongeza, "walikuwa wakingoja vilevile."

5.0 Wasomaji Wawili

Nadharia ya upokezi inatupa istilahi za kulieleza jambo hili. Jauss alizungumzia upeo wa matarajio ambao msomaji huja nao. Iser, mapengo ambayo matini huyaacha ili msomaji ayajaze. Lakini nadharia hizo mara nyingi hukisia msomaji mmoja wa jumla, na hapa tuna ushahidi wa wasomaji wa aina mbili walioona mapengo tofauti.

Baada ya Hatchet kutoka, wasomaji wengi walimwandikia Paulsen wakilalamika kwamba Brian aliokolewa mapema mno. Walitaka wamwone akipambana na majira ya baridi. Mwandishi aliwasikiliza, na mwaka 1996 akatoa Brian's Winter, ambamo uokozi ule haukutokea. Wasomaji hao waliona pengo katika mateso ya shujaa, na pengo likajazwa kwa kitabu kizima. Msomaji wa Msambweni aliona pengo katika haki ya maiti. Barua yake, kama angaliandika, ingaliomba ukurasa mmoja tu.

Hatusemi kwamba usomaji huu ni bora kuliko ule. Yapo aliyoyapuuza: hakuvutwa na siri ya mama yake Brian, na kwa hiyo hakuona jinsi upweke wa mvulana ulivyoanza kabla ya ndege kuanguka. Huo ni upungufu wa haki, na mwalimu angaliweza kumwelekeza huko.

6.0 Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba swali la kijana lilitokana na mambo matatu: mahali alipokulia, mafunzo ya chuoni, na msiba wa nyumbani. Hakuna hata moja kati ya hayo linaloweza kuitwa udhaifu wa kusoma. Yalimwezesha kusimama mahali ambapo Brian mwenyewe alisimama na kukosa maneno.

Funzo kwa walimu wa fasihi ni dogo lakini ni la lazima. Swali linalosema "Eleza ushujaa wa mhusika mkuu" limekwisha kumwamulia mwanafunzi amfuate nani, kabla hajafungua kitabu. Tungependekeza kwamba kila anayetunga swali la mtihani juu ya riwaya ya aina hii aongeze jingine: ni nani aliyeachwa nyuma, na matini inasema nini juu yake? Kijana yule angalikuwa na la kujibu.