Ufundi wa Kupishana

Ukitaka kuijua bendi, msikilize yule aliyenyamaza. Katika nyimbo ambazo Mlimani Park Orchestra walirekodi Radio Tanzania mwishoni mwa miaka ya sabini na mwanzoni mwa themanini, wapulizaji hukaa kimya ubeti mzima. Mwimbaji anaeleza shida zake mpaka amalize, ndipo tarumbeta na saksafoni zinaingia kwa pumzi moja, zinasema neno lao, zinatoka. Hakuna anayechelewa kutoka. Watu wengi huisifu sauti ya Hassan Bitchuka au tungo za Muhidin Maalim Gurumo, na wana haki. Mimi nataka kusifu huko kutoka.

Huku Ikolo, wilayani Kyela, tulizijua bendi za Dar es Salaam kwa masikio tu. Ukumbi wa dansi ulikuwa mbali, nyuma ya Mbeya, nyuma ya Iringa, nyuma ya Morogoro. Kilichokuwa karibu ni redio ya betri. Usiku mawimbi yalikuja vizuri, mchana yalififia, na mara nyingine stesheni ya Malawi ilipanda juu ya ile ya kwetu wimbo ukiwa katikati. Betri zikichoka zilianikwa juani, kando ya mpunga, zikapata nguvu ya jioni moja. Mwenye kuanika betri hafungui redio ovyo: anangoja saa ya muziki, na kipindi kikiisha anaizima. Spika zile ndogo zilimeza besi. Kilichopenya, hata mvua ya Kyela inapopiga bati, ni gitaa la solo, tarumbeta na sauti ya mtu. Besi tulikuja kuisikia baadaye sana, kwenye kanda na spika kubwa, tukakuta muda wote ule ilikuwa na mambo yake.

Na ina mambo kweli. Besi ya Sikinde, kama tunavyoiita Mlimani Park, haijazi kila nafasi. Inapiga noti chache, inasimama, inaziachia tumba, inarudi pale ambapo hukuitegemea na bado mguu wako unaikuta. Juu yake gitaa la rithimu linashika mwendo, gitaa jingine linajibu, na solo linatembea katikati yao. Chukua Neema, utungo wa Cosmas Thobias Chidumule, uusikilize mara ya kwanza kwa ajili ya mwimbaji, kama kila mtu. Kisha uurudie ukimwacha mwimbaji kando, ufuate gitaa moja tu mpaka mwisho. Utashangaa jinsi linavyopiga kidogo. Magitaa yote yanasema kwa wakati mmoja na hakuna linalomkanyaga mwenzake, maana kila moja limechagua kimo chake na halitoki hapo mpaka zamu yake ifike. Zamu hiyo huja upande wa pili wa nyimbo hizi, ule ambao wanamuziki huuita chemko: habari imeshaelezwa, waitikiaji wanashika kibwagizo, na aliyekuwa amejizuia tangu mwanzo anapewa uwanja.

Mpangaji mkuu wa mambo hayo alikuwa Michael Enock, kiongozi wa bendi, mtu aliyelijua gitaa na akaijua saksafoni. Nadhani hapo ndipo siri ilipo. Aliyeshika vyombo viwili anajua kila kimoja kinahitaji nafasi kiasi gani ili kipumue.

Mlimani Park ilizaliwa mwaka 1978 kwa watu kuhama. Mwenye bendi alikuwa kampuni ya usafiri na teksi, na jina lilitokana na baa walikopiga. Gurumo na Bitchuka walitoka JUWATA Jazz, ile iliyoanzishwa mwaka 1964 na chama cha wafanyakazi kwa jina la NUTA Jazz, ikawa JUWATA, ikawa OTTU, na leo ni Msondo Ngoma. Kampuni ya teksi ilipoanguka, Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam (DDC) likaichukua bendi mwaka 1983, ndiyo maana tunasema DDC Mlimani Park. Mwaka 1985 Gurumo na wenzake kadhaa walihamia Orchestra Safari Sound, wakaanzisha mtindo wa Ndekule. Bitchuka alikwenda Msondo akarudi Sikinde, akaenda tena, na mashabiki wa pande zote mbili wakazoea kumpokea.

Kwa Wajerumani nako mambo yalianza hivyo. Berlin Philharmonic, ambayo wengi huihesabu katika okestra kubwa kuliko zote duniani, ilianzishwa mwaka 1882 na wanamuziki 54 waliomwacha kiongozi wao, Benjamin Bilse, kwa kutoridhika na namna alivyowatunza. Walikwenda kujiendesha wenyewe. Wa kwetu hawakuwa na nafasi hiyo. Walikuwa waajiriwa wa mshahara, na vyombo vilikuwa mali ya mwajiri: mpiga solo akihama, gitaa linabaki. Alichohama nacho ni vidole na kichwa chake. Lakini angalia: Sikinde iliondokewa na waimbaji wake wakubwa ikabaki Sikinde, na Msondo vilevile. Shabiki wa miaka ile, hata huku mwambao wa Nyasa, aliitambua bendi kabla mwimbaji hajafungua kinywa. Alichokitambua ni namna vyombo vinavyopishana, na hicho hakuna mtu mmoja aliyeweza kuondoka nacho.

Studio ndiyo iliyoukaza ufundi huo. Radio Tanzania ilikuwa Barabara ya Pugu, ambayo leo ni Barabara ya Nyerere, na kwa bendi nyingi za nchi hapo ndipo palipokuwa mahali pa kurekodi. Kiwanda cha kufyatua santuri hatukuwa nacho. Bendi iliyotaka santuri ilitazama Nairobi. Maneno ya wimbo yalipitiwa kwanza. Kisha bendi nzima iliingia chumbani, waimbaji, magitaa, ngoma na wapulizaji, wakapiga pamoja kutoka mwanzo hadi mwisho, utepe ukizunguka. Hakukuwa na kurekodi sauti leo na gitaa kesho. Mpulizaji akikosea kwenye chemko, wote wanarudi mwanzo wa wimbo. Ukijua hivyo, ule ukimya wa wapulizaji unauheshimu zaidi: wamesimama pale dakika kadhaa, midomo tayari, wakijua kosa lao litakuwa la wote.

Berlin Philharmonic nao walipita mlango mwembamba kama huo. Mwezi Novemba 1913, chini ya Arthur Nikisch, walirekodi Simfoni ya Tano ya Beethoven yote, zama ambazo maikrofoni haijaingia studio. Sauti ilikusanywa na pembe kubwa, sindano ikachonga alama kwenye nta, na wanamuziki walisongamana mbele ya pembe hiyo. Rekodi hiyo ina mikwaruzo, na ngurumo za chini hazimo kabisa. Nilipoisikia mara ya kwanza haikunipa taabu. Masikio yaliyolelewa na redio ya Ikolo yalishazoea kuijaza besi yenyewe. Na mle ndani nikakuta kitu kilekile: watu wengi wakiachiana njia kwa haraka, kwa adabu, bila nafasi ya kusahihisha.

Sidhani ni bahati kwamba sisi watu wa Ziwa Nyasa tuliupenda muziki wa bendi za Dar es Salaam. Tulikuwa na mapenenga, ngoma ya jamaa moja na malipenga ya ndugu zetu wa Malawi, ambayo wanahistoria huiweka katika ukoo wa beni: vijana wa Afrika Mashariki walioziona bendi za kijeshi za wakoloni, wakachukua safu, sare na filimbi, wakavitia ndani ya ngoma zao. Upande wa Malawi vibuyu vilikaa mahali pa matarumbeta. Mcheza ngoma hizi anajifunza mapema kwamba safu ikipindwa na mmoja imepindwa yote, na kwamba filimbi ya kiongozi ikilia unaacha hata kama ndiyo kwanza umenogewa. Sikinde na Msondo nayo ni majina yaliyotoka kwenye ngoma za watu wa pwani. Bendi hizi hazikuja na kitu kigeni. Zilikuja na magitaa.

Gurumo alifariki Aprili 2014, na nchi ilimlilia kama inavyostahili. Bendi zote mbili bado zinapiga. Tepu za Radio Tanzania ziko mikononi mwa TBC, shirika la utangazaji la taifa, na nyimbo zilizomo zinasikika kwenye simu ya kijana yeyote anayepakia magunia ya kakao hapa Kyela. Kinachoniuma ni majina. Mtangazaji anataja bendi, anataja mwimbaji, pengine mtunzi, basi. Mpiga gitaa Joseph Mulenga hatajwi. Abel Balthazar, mpiga gitaa mwenzake, hatajwi, na wapulizaji ndio kabisa. Wanamuziki wale walikubali kunyamaza ubeti mzima ili mwenzao asikike. Kuwasoma wote hewani, kuanzia solo hadi tumba, kunachukua muda mfupi kuliko tangazo la sabuni, na ningependa kuanze kufanywa wakati wengine wao wangali hai na redio zao zimewashwa.