L'Africaine: Mwafrika wa Jina Tu

L'Africaine ni opera ya Kifaransa: muziki wa Giacomo Meyerbeer, maneno ya Eugène Scribe. Kazi ilianza mwaka 1837 na shujaa Mhispania. Baadaye nafasi yake ikachukuliwa na Vasco da Gama, na Meyerbeer akaipa opera jina la baharia huyo. Scribe alifariki 1861, Meyerbeer 1864. Mhariri François-Joseph Fétis ndiye aliyerudisha jina la zamani, ikaonyeshwa mara ya kwanza Paris tarehe 28 Aprili 1865.

Jina hilo ndilo lenye kasoro. Selika, malkia anayeitwa Mwafrika, watu wake humwabudu Brahma, naye hufa chini ya mti wa sumu wenye asili ya Karibi. Vasco halisi alifika Malindi mwaka 1498, akapata huko rubani wa kumvusha hadi India. Waswahili hao hawamo jukwaani.

Muziki ni mtamu, lakini jina pekee halimfanyi mhusika kuwa Mwafrika. Hapa Gisenyi, Kifaransa na Kiswahili vinapokutana mpakani na Goma, tuwazoeze wanafunzi kuiuliza kila matini: nani amempa mhusika jina hili, na kwa manufaa ya nani?