Kisa na Hesabu: Kutoka ScratchJr hadi Mchanga wa Wachokwe

ScratchJr, programu iliyotolewa mwaka 2014 kwa watoto wa miaka 5 hadi 7, humwezesha mtoto asiyejua kusoma kutunga kisa: hupanga vipande vya amri vyenye picha, naye mhusika hutembea na kuruka. Sifa yake ni kwamba kosa huonekana papo hapo. Upungufu wake ni kwamba kisa chaweza kubaki pambo: mhusika awe paka au farasi, amri ni zile zile.

Wachokwe wa Angola, Kongo na Zambia wana sona. Msimuliaji husawazisha mchanga, huweka nukta kwa vidole kwa umbali sawa, kisha huzizungushia mstari huku akisimulia. Katika michoro ya namna ya mkeka, nukta 5 kwa 6 huzungukwa na mstari mmoja. 4 kwa 6 hudai miwili. Paulus Gerdes, mwanahisabati wa Msumbiji, alizichambua kanuni hizo kwa kina.

Basi mwalimu asiye na umeme hana haja ya kungoja mashine. Lakini akizichukua nukta na kukiacha kisa, atakuwa amelirudia kosa lile lile.