Fundi Anayesikiliza Kabla ya Kufungua

Padi ya kugusa ya laptopu yangu, ile ambayo wengi tunaiita mausi, ilikuwa inasogeza kishale bila shida. Kidole kikienda kulia, kishale nacho kinafuata. Lakini nikibonyeza ili nifungue faili, kimya. Mafundi wawili waliitazama kwa dakika chache, na wote wakanipa jibu moja: nunua padi mpya. Wa tatu nilimkuta Kariakoo, juu ya maduka ya simu, kwenye chumba kinachotosha meza, viti viwili na feni. Ni mtu mzima, miwani yake imefungwa uzi na kuning'inia shingoni.

“Shikamoo, fundi.”

“Marahaba, mwanangu. Keti. Imeanza lini?”

Bisibisi zilikuwa zimepangwa mbele yake kuanzia nene hadi nyembamba, lakini hakugusa hata moja. Aliuliza kama mashine imewahi kuanguka, kama imemwagikiwa kitu, kama shida inazidi ikishapata moto. Nikakumbuka chai ya maziwa, miezi miwili nyuma, matone machache niliyoyafuta na kuyasahau. Akaandika neno moja kwenye kipande cha karatasi: chai. Kisha akakisogeza kando. Ilikuwa dhana, bado haijawa jibu.

“Sasa tutajuaje?” alisema, kama anayejiuliza mwenyewe. Swali hilo nililisikia mara nyingi mchana ule.

Alianza kwa kunieleza kwamba padi ina kazi mbili zisizotegemeana. Ya kwanza ni kuhisi kidole. Chini ya uso wake laini kuna wavu wa nyuzi nyembamba zenye umeme hafifu. Kidole kikikaribia, umeme ule unabadilika, na chipu ndogo inapiga hesabu kujua kidole kiko wapi. Ya pili ni kubofya. Katika laptopu nyingi kama yangu, padi imeshikwa upande wa juu kama mlango kwenye bawaba, na ukingo wa chini ndio unaoshuka na kugandamiza swichi moja ndogo. Kwa hiyo kishale kinachotembea hakithibitishi kwamba swichi ni nzima.

Akazima mashine kabisa, akainamisha kichwa mpaka sikio likakaribia kibodi, akabonyeza. Tak. Akabonyeza tena, taratibu zaidi. Alikuwa anahakikisha ni aina gani ya padi. Zipo ambazo hazishuki kabisa, kama zile ambazo Apple ilianza kuziweka kwenye MacBook mwaka 2015; hizo hupima nguvu ya kidole na kutoa mtikiso unaomfanya mtu adhani amebonyeza kitu. Ukizima mashine, zinakuwa ngumu kama meza. Yangu ilitoa sauti hata ilipozimwa, basi ina swichi ya kweli. Lakini sauti ile, alisema, ilikuwa nzito, kama ya mtu anayeongea na kitu mdomoni.

Akachukua rula ya chuma, akailaza kwa ubavu kukatiza padi, akamulika kwa tochi ya simu. Mwanga haukupenya. Hapo alikuwa anatafuta betri iliyovimba. Betri za lithiamu zikichakaa huweza kutoa gesi ndani, zikatuna na kuisukuma padi kutoka chini hadi ikose nafasi ya kushuka. Padi iliyoinuka ni onyo la hatari, kwa sababu betri ya namna hiyo ikitobolewa inaweza kuwaka moto. Yangu ilikuwa sawa na uso wa mashine.

Kisha akachomoa chaja. Nilikuwa nikiichomeka kwa plagi ya pini mbili, isiyo na waya wa athi, na umeme unaovuja kwenye chaja ya namna hiyo huweza kuisumbua padi hadi kishale kikatetemeka. Hakuna kilichobadilika. Akachomeka mausi ya kawaida, nayo ikabofya vizuri. Akapitia mipangilio yote, akaigusa padi kidogo bila kuibonyeza, na faili ikafunguka. Programu inasikia, basi. Lakini hakuridhika. Akawasha mashine kwa Linux kutoka kwenye flashi, akafungua programu inayoandika mstari mmoja kwa kila taarifa inayotoka kwenye padi. Kidole kikigusa, mistari inatiririka. Akabonyeza mara 20, akihesabu kwa sauti ya chini. Mstari wa kitufe ulitokea mara 3. Kwenye karatasi, chini ya chai, akaandika: 3 kati ya 20.

Ilikuwa imepita karibu saa nzima, na mashine bado haijafunguliwa.

Sasa ndipo aliponyoosha mkono kwenye bisibisi. Akazima, akageuza mashine juu ya mkeka wa mpira, akachora umbo lake kwenye karatasi nyingine. Kila skrubu aliyoitoa aliichomeka kwenye mchoro mahali pake. Skrubu hazilingani urefu, na ndefu ikirudishwa penye fupi inaweza kutoboa kisichotakiwa kutobolewa. Mfuniko aliuachanisha kwa kipande chembamba cha plastiki, akikipitisha pembeni polepole, akisubiri kila kishikizo kijiachie chenyewe. Kabla ya lolote akachomoa waya wa betri, akabonyeza kitufe cha kuwashia ili umeme uliobaki uishe.

Padi inaunganishwa na bodi kuu kwa utepe mpana kama ukanda wa saa ya mkononi. Akainua kitasa chake kwa ukucha, akauvuta utepe kwa kuunyoosha bila kuupinda. Kwenye meno yake ya dhahabu kulikuwa na ukungu hafifu. Huo ndio ugonjwa wa pwani, alisema, hewa yetu ina chumvi. Akausugua kwa spiriti na mswaki laini, akaurudisha, akaunganisha betri, akajaribu kabla ya kufunga. Mara 4 kati ya 20. Wengine wangefurahia nyongeza ile. Yeye aliiandika na kuendelea.

Akatenganisha betri tena, akatoa padi yenyewe. Nyuma yake, karibu na ukingo wa chini, ilikaa swichi ndogo kama punje ya dengu. Ndani yake kuna kibati kilichotuna kama sahani iliyofunikwa. Ukikigandamiza kinabonyea ghafla, kinaunganisha umeme, na kubonyea huko ndiko kunakotoa ile tak. Akavaa miwani. Kuizunguka swichi kulikuwa na mstari wa kahawia: chai, sukari na maziwa vilivyokauka.

Hata hapo hakusema “nilijua.” Aliweka ncha mbili za mita kwenye miguu ya swichi, akagandamiza. Swichi nzima ingeifanya mita ilie kila mara. Hii ilinyamaza, ikalia, ikanyamaza. Akadondosha spiriti, akaigandamiza mara nyingi, akasubiri ikauke, akapima tena. Ikalia zaidi, lakini si kila mara. Kibati kilikuwa kimeshaliwa.

Kutoka kwenye kopo la padi zilizokufa alichagua tatu, akapima urefu wa swichi zao kwa kalipa. Sehemu ya kumi ya milimita ina uzito hapa: swichi ikizidi urefu, padi itakuwa imebonyezwa muda wote, ikipungua, kidole hakitaifikia. Ya tatu ililingana. Akaipima kwa mita kwanza. Akapasha kifaa cha kulehemu hadi nyuzi 350, akapaka dawa ya kulehemia, akainua ile ya zamani mguu kwa mguu, akasafisha, akaketisha mpya kwa kibano. Kila mguu ulipata moto kwa sekunde mbili au tatu tu, ili plastiki isiyeyuke. Lehemu iling'aa, ikapoa. Mkono wake haukutikisika hata feni ilipogeuka upande wetu.

Akarudisha padi, akakaza skrubu zake kidogo kidogo kwa zamu ili isikae upande. Akaunganisha betri, akawasha, akabonyeza kushoto, kulia, katikati. Mara 20 kati ya 20. Akaandika, kisha akaanza upya hadi 50 kabla ya kufunga mfuniko. Kwenye mchoro hakukubaki skrubu hata moja.

Alinitoza bei ya swichi moja na muda wake. Padi niliyoambiwa nikanunue mpya ndiyo ninayoitumia kuandika makala haya. Msomaji, mausi ya laptopu yako ikigoma kubofya, usianze kwa kuuliza bei ya kifaa kipya. Mtafute fundi unayeweza kumwuliza “umejuaje?” naye akakuonyesha.