Yadi 6 za kitenge, kimono moja

Mwaka 2008, jijini Tokyo, Serge Mouangue, mbunifu mzaliwa wa Kameruni, alianzisha Wafrica: kimono za mkato wa Kijapani zilizoshonwa kwa vitambaa vya Afrika. Wengi husifu rangi zake. Mimi navutwa na mkasi, maana hesabu yake fundi yeyote wa Kolwezi anaweza kuifanya mezani kwake.

Kimono hutoka katika jora moja lenye upana wa sentimita 36 hadi 38 na urefu wa mita 12 hivi, na karibu vipande vyote hukatwa mistatili mitupu. Kitenge cha sokoni kwetu kina yadi 6, yaani mita 5.5, na upana wa karibu mita 1.15. Kichane mapande matatu kwa urefu. Mawili ya kwanza yanatoa mwili na mikono. La tatu linatoa ukosi na nyongeza za mbele. Kinatosha, na kinabaki.

Kazi ngumu iko begani. Kimono haina mshono hapo: kitambaa kilekile hupanda kutoka pindo la nyuma, hupita bega, hushuka hadi pindo la mbele. Ndege wa mchoro aliyesimama wima mgongoni atakuwa kichwa chini kifuani! Mshonaji wa libaya, blauzi ya kitenge, hana shida hiyo, kwa sababu hukata mbele na nyuma kila kipande peke yake na kumweka ndege anapomtaka.

Hapo ndipo michoro ya kijiometri inapoonyesha nguvu yake. Asanoha, nyota ya pembe sita, na ichimatsu, miraba ya kupishana kama ubao wa dama, hazina juu wala chini. Mwanzoni mwa karne ya 20 wafumaji wa Isesaki na Chichibu, huko Japani, waliipa michoro ya namna hiyo sura mpya katika hariri ya meisen: nyuzi zilitiwa rangi kwa kiolezo kabla ya kufumwa, yakatoka maumbo makubwa yenye kingo zilizofifia kidogo. Nayapenda kuliko maua yote ya kimono rasmi.

Jora la Kijapani lina kingo zilizofumwa, hazifumuki. Kitenge kilichochanwa hufumuka kingoni, kwa hiyo kila mshono utakula upana. Mtu wa mabega mapana atafute kitambaa kipana zaidi. Halafu kigeuze ukitazame. Kitenge cha nta halisi kina rangi pande zote mbili, nao mkono wa kimono huonyesha ndani yake. Cha chapa ya upande mmoja kitadai bitana.