Fundi wa Njumu

Barabara ya kuingia Bandari ya Bujumbura hujaa malori tangu asubuhi: saruji na sukari iliyovuka Ziwa Tanganyika kutoka Mpulungu, na mizigo ya Dar es Salaam iliyofika Kigoma kwa reli kisha ikapakiwa melini. Kando yake fundi viatu amekaa kwenye kigoda, na mbele yake viatu vya njumu vimepangwa kwa jozi juu ya gunia. Vingi ni vya mitumba. Cha mchezaji wa ligi kinasubiri zamu yake nyuma ya cha mtoto wa mtaani.

Ligi A ya Burundi ina timu 16, mechi 30 kwa kila timu. Huanza kiangazi kikielekea ukingoni, ikapita katikati ya mvua za mwisho wa mwaka, na kumalizika masika yakiisha. Kwa fundi, kalenda hiyo yote imo kwenye soli. Mvua huleta viatu vilivyoachama mbele, kwa kuwa maji hulegeza gundi. Ukavu huleta njumu zilizolika kwa udongo mgumu. Kurasa za michezo hazijawahi kunieleza msimu kwa ukweli kiasi hicho.

Kiatu kikifika hakishonwi papo hapo. Kwanza anakikunja penye vidole ili soli ifunguke, anachungulia, kisha anaingiza kisu chembamba na kuendelea kuibandua mpaka afike mahali gundi ya zamani bado imeshika kweli. Mwenye kiatu hukunja uso kuona tundu la inchi moja limekuwa la inchi tatu. Fundi hana haraka ya kumtuliza. Anakwangua gundi iliyokufa, anasugua pande zote mbili kwa msasa hadi zikwaruze kidole, halafu anapitisha kitambaa chenye petroli kidogo kuondoa vumbi na mafuta.

Gundi mpya anaipaka kwa kipande cha ubao, tabaka jembamba juu ya soli na jingine juu ya ngozi, na anaviacha vikiwa vimetengana. Hapa ndipo wasiojua huharibu, maana gundi hii ikibanwa ingali mbichi haishiki. Wanaongoja kwenye benchi wanaujaza muda huo kwa soga za Vital'O, timu ya zambarau: fainali ya Kombe la Washindi Afrika mwaka 1992 dhidi ya Africa Sports ya Abidjan, Kombe la Kagame walilolitwaa Sudan mwaka 2013, na, kwa sauti ya chini kidogo, mabao 10 waliyofungwa na Yanga katika mechi mbili za Agosti 2024. Fundi anasikiliza huku akigusa gundi kwa mgongo wa kidole. Inanata; anangoja. Anagusa tena, haimnati. Sasa anabana, akigonga kwa nyundo kuanzia ncha kurudi nyuma, ili hewa isipate pa kujificha.

Wengine wangeishia hapo. Yeye anachora mfereji mwembamba kwa kisu kuzunguka ukingo wa soli, uzi ulale ndani yake usisagwe na ardhi. Plastiki ya viatu hivi ni ngumu, kwa hiyo maharazi yake, yenye kilimi kama cha ndoana, anayapasha kwanza kwenye makaa. Anatoboa kutoka nje. Mkono wa kushoto, uliozama ndani ya kiatu mahali jicho halifiki, unatundika uzi wa nailoni uliopakwa nta. Maharazi yanarudi na kitanzi. Ncha ya pili ya uzi inapita ndani ya kitanzi, na mikono yote miwili inavuta kwa pamoja. Mshono mmoja. Anasogea upana wa punje ya mahindi na kutoboa tena. Penye njumu anapinda, wala hapunguzi nafasi. Nilijaribu kutafuta mshono uliolegea nikashindwa.

Njumu zilizolika hazibadilishi kwa mpya. Anazipiga tupa zilingane, mguu usilale upande mmoja, na kuondoa ncha zilizochongoka ambazo mwamuzi angezikataa kabla ya mechi na ambazo zingeweza kumchana mpinzani. Mwishoni anajaza magazeti ndani ya kiatu, anakizungushia vipande vya mpira wa ndani wa baiskeli, na kukiweka kivulini hadi kesho. Jua lingekausha upesi zaidi, na kupasua ngozi.

"Mzee, mechi ni leo jioni," kijana mmoja anasihi.

"Basi azima vya mwenzako, mwanangu."

Kijana alileta kiatu kimoja tu kilichoachama, cha kulia. Fundi ameomba na cha kushoto, ameshakikunja, na kisu kiko mkononi: vilinunuliwa pamoja, vimecheza mechi zilezile, na hicho nacho hakitamaliza mwezi.