Mashini Hupiga, Mkono Hukesha

Kuna muziki ambao wapenda muziki huuita «muziki wa anga». Mara nyingi hauna mwimbaji wala mpiga ngoma. Sauti zake zatoka katika vyombo vya umeme. Wengine huusifu mno, wengine hucheka na kuuliza: Mashini yaweza kuimba? Swali hili latuhusu na sisi, maana siku hizi kwaya nyingi za parokia zina vinanda vyenye kujipigia ngoma vyenyewe. Basi tuchukue sahani moja tu, tuipime kwa haki. Jina lake ni Phaedra. Ilitolewa mwaka 1974 na Wajerumani watatu wa kundi la Tangerine Dream: Edgar Froese, Christopher Franke na Peter Baumann.

Kwanza tukijue chombo. Katika mashini ya Moog mna sehemu iitwayo sikwensa. Mpigaji hagusi kila noti kwa kidole. Huzungusha vifundo, na kila kifundo huamuru kimo cha noti moja. Kisha umeme hupita toka kifundo cha kwanza hata cha mwisho, ukarudi mwanzo. Noti nane, mara mia, mara elfu, bila kuchoka. Mwenye kusikia kijuujuu atasema: Hiyo ni saa ya ukutani, si muziki.

Lakini wimbo wa kwanza wa sahani hii, wenye dakika zaidi ya 17, wamkanusha. Vyombo vya siku zile vilikuwa na udhaifu: vikipata moto, sauti hupotoka. Ndivyo ilivyotokea walipokuwa wakirekodi. Noti za chini zikaanza kuhama kimo chake, naye Franke akazirudisha kwa mkono huku muziki ukiendelea. Kazi ile hawakuifuta. Na hapo ndipo uzuri ulipo! Twasikia mwendo ukiyumba kama mtumbwi katika mawimbi, wala mpiga kasia haachi. Kama mashini ingekwenda sawasawa tangu mwanzo hata mwisho, tungesinzia. Twakesha kwa sababu yuko mtu anayekesha. Wengi waliowaiga baadaye walipata vyombo visivyopotoka kamwe. Wakaiga sauti, wakasahau kukesha.

Wako wasemao kwamba kurudia-rudia ni umaskini. Sivyo. Sisi tusalio rozari husema Salamu Maria mara 50, na moyo hutulia. Lakini rozari ina Mama anayeitwa. Phaedra haina neno hata moja, haimwiti yeyote. Yatufikisha mlangoni pa kimya kikubwa, ikatuacha papo. Si dhambi, bali huo ndio mpaka wake. Anayeiita sala aipa jina lisilo lake.

Tarehe 13 Desemba 1974 watu hao walipiga muziki wao katika kanisa kuu la Mama Yetu huko Reims, Ufaransa, mahali walipotawazwa wafalme wa nchi ile. Watu walizidi nafasi, wasiweze kutoka, na wengine wakajisaidia mle mle ndani ya nyumba ya Mungu. Waumini walikasirika, na haki yao. Walakini tuhukumu sawasawa: sikwensa haikuchafua nguzo, waliochafua ni watu, na waliojaza kanisa pasipo mpango wana sehemu yao.

Mtaguso wa Vatikano, katika hati ya mwaka 1963 juu ya liturujia, uliheshimu sana kinanda cha mabomba, tena uliruhusu vyombo vingine vinavyofaa kwa ibada. Basi tusiulize tu kama chombo kina umeme. Tuulize: Je, chasaidia watu kuitikia? Phaedra yafaa kusikilizwa nyumbani jioni, kwa utulivu. Katika Misa haifai, kwa kuwa Misa ni watu kujibizana na Bwana wao.

Nanyi vijana wa kwaya, jifunzeni kwa Franke. Msibonyeze kitufe cha ngoma na kukunja mikono, waimbaji wakikimbizwa na mashini isiyojua kupumua. Wazee wakivuta wimbo, ngoma iwangoje. Mashini na ipige, lakini mkono wa mtu ukeshe juu yake.